Mbuzi Waliomfuata Mjusi

Nikisikia tena mtu akisema Ndila alipata bahati, nitamgonga na mwiko, na mwiko wangu ni ule wa kusongea ugali wa mazishi. Bahati gani? Mtu ananyang'anywa kilicho chake, anakaa bila hicho mpaka magoti yanaanza kulia akisimama, kisha anarudishiwa. Hiyo watu wa Matinyani wanaiita bahati. Mimi naiita wizi uliochoka.

Ndila hakuzaliwa huku kwetu Kitui. Alizaliwa Makindu, upande wa Makueni, karibu kabisa na reli, na siku hiyo alilia kwa sauti nzito hata dereva wa gari moshi akafunga breki akidhani gari lingine linamjia mbele. Abiria walishuka. Wengine walikwenda kula kwa Masingasinga, kwenye hekalu lao ambapo msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa ametoka wapi, na waliposhiba wakarudi, mtoto alikuwa bado analia na dereva bado anachungulia reli. Wako wanaosema hili si kweli. Hao hawakuwapo. Mimi pia sikuwapo, lakini nimeishi ng'ambo ya njia kutoka kwa Ndila miaka yote hii, sauti hiyo imewahi kuangusha sufuria yangu, na naweza kuliamini gari moshi.

Alipoolewa Matinyani na Kaloki, alikuja na sauti yake kama mzigo usio na mahali pa kutuliwa. Akibisha hodi, wanawake walikuwa wanafunga leso vizuri wakidhani ni mwanamume. Kanisani kwaya ilimsimamisha nyuma pamoja na wanaume wa besi, kisha wanaume wa besi wakalalamika kwamba anawafunika. Kaloki mwenyewe hakuona ubaya. Alikuwa mtu mpole, mchimba visima, na alisema akiwa chini ya shimo, sauti ya mkewe ndiyo pekee inayomfikia. Lakini mama mkwe alimwambia siku ya kwanza jikoni, mbele yetu tuliokwenda kumpokea, "Mwanamke wa nyumba hii haungurumi. Funga mdomo."

Ndila akaufunga. Sasa mbuzi wataitwaje? Wanawake wengine hapa huita mbuzi kwa kupiga ulimi, wengine kwa jina, wengine kwa matusi. Ndila akajifunza kuwaita mdomo ukiwa umefungwa. Sauti inaanzia tumboni, inapanda kifuani, inagonga puani, na midomo imebanwa kama ya mtu aliyekatazwa kusema siri. Mmmm. Huisikii kwa masikio kwanza, unaisikia kwa miguu. Mbuzi wake walikuwa wanakuja mbio kutoka ng'ambo ya mto, wanaacha majani mdomoni. Siku moja niliona nyuki wametoka mzingani kuuliza kuna nini.

Na hao mbuzi walikuwa wake. Naliandika hili polepole ili lisieleweke vibaya. Mama yake alimpa mbuzi jike mweusi alipotoka kwao, nje ya mambo ya mahari, mbuzi wa mama kwa binti. Huyo mweusi alizaa, watoto wake wakazaa, na wakati wa kiangazi kile kibaya, mbuzi wa watu walipokuwa wanakufa wamesimama, Ndila alitembea mbali kuwaokotea maganda ya mgunga, akayabeba kwenye kiondo mpaka kamba ikamchora alama kwenye paji la uso. Alama hiyo iko. Mtu asiyeamini aje aiguse.

Kisha Kaloki akafa, kifua. Udongo wa kaburi haujakauka, ndugu yake, Muthama, akaja na kamba begani.

Huyu Muthama ni mzee wa kanisa. Ana koti la Jumapili na sauti nyembamba, na akiomba hufumba macho nusu ili aone nani hajafumba. Alikaa kwa Ndila, akanywa chai yake, akasema boma la mbuzi limebomoka upande mmoja, jambo ambalo ni kweli, na kwamba mwanamke peke yake hawezi kulinda mifugo, na kwamba atamtunzia mpaka matanga yaishe. Ndila alimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimpa mtu chai na asante, naye akaondoka na mbuzi wake wote.

Matanga yakaisha. Ndila akaenda ng'ambo ya mto kuwachukua. Muthama akamuuliza, "Shemeji, mbuzi gani? Nionyeshe alama."

Alama ya nini? Huku kwetu mbuzi hukatwa sikio kwa alama ya ukoo. Kaloki na Muthama ni ukoo mmoja, tumbo moja, kwa hivyo mbuzi wa Kaloki na mbuzi wa Muthama wana sikio moja. Mbuzi wa mke nao wamekatwa alama ya mume, kwa sababu mke hana kisu chake cha masikio. Muthama alilijua hilo alipokuwa anakunywa ile chai. Akasema hapa kuna mbuzi wa ukoo tu, na Ndila ana binti mmoja aliyeolewa mbali, sasa mbuzi wa ukoo waende kwa nani, kwa wakwe?

Ndila alisimama nje ya boma lile akaanza kuwaita. Mmmm. Mbuzi waliupanda ua mpaka miba ikavunjika. Muthama akapiga yowe la mwizi. Watu wakaja na rungu. Wazee wa ukoo wakakaa, wakanywa chai nyingine, wakaamua kwamba kwa ajili ya amani, Ndila asiungurume tena karibu na boma la shemeji yake. Kwa ajili ya amani. Mwanamke ameibiwa, na anayeambiwa atulie ni yeye.

Sheria iko. Naambiwa iko na imeandikwa vizuri. Lakini sheria ilikuwa Kitui mjini, na mbuzi walikuwa kwa Muthama.

Basi Ndila akanyamaza kabisa. Aliacha kwaya. Alisalimia kwa kichwa. Alienda kufanya kazi ya kupepeta mahindi pale kwenye posho mili ya Kiema, mashine ya kusaga unga iliyo juu ya ukingo wa mto, kwa sababu mashine ina kelele na hapo hakuna anayemtarajia mtu aongee. Na kila siku mchana, Muthama alipowaleta mbuzi kunywa kwenye visima vya mchangani chini ya ukingo, Ndila aligeuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta. Nilimwona akifanya hivyo msimu baada ya msimu, na kila mara nilitamani mto ule mkavu ujae ghafla umchukue mtu mmoja tu mwenye koti.

Wakati huo ndipo Ilhan alipokuja.

Ilhan ni binti ya Maalim, yule mwenye duka la vitambaa Zombe. Amezaliwa huku huku, anaongea Kikamba kunishinda, na anafanya kazi kwenye redio moja ndogo mjini Kitui. Alikuwa anatengeneza mchezo wa kusikiliza. Alitusimulia tukiwa tumekaa juu ya magunia, na mimi ambaye nimedanganya watu maisha yangu yote nilimwonea wivu. Katika mchezo huo kuna msichana fundi, anatengeneza posho mili mbovu, anakosea anavalisha mkanda kinyume. Mashine inazunguka kurudi nyuma. Unga unarudi kuwa mahindi, mahindi yanarudi shambani, nywele za mwenye mashine zinarudi kuwa nyeusi, na posho mili yenyewe na msichana ndani yake inaanza kurudi miaka, inateremka kama ndoo kisimani.

Kwanza inatua Tendaguru, kusini kule Tanganyika, wakati wa Wajerumani. Na hii, akasema Ilhan, si hadithi, ilikuwa. Wajerumani walichimbisha mifupa ya mijusi wakubwa kuliko nyumba, walioishi kabla mtu yeyote hajaitwa mtu. Watu weusi ndio waliochimba, wao ndio waliobeba. Mifupa ilipakwa udongo na plasta, ikafungwa kwa mianzi, ikawekwa vichwani na mabegani, watu wakatembea siku kadhaa mpaka Lindi baharini. Meli ikaichukua. Mpaka leo mjusi mmoja amesimamishwa Berlin ndani ya nyumba, na watu wanaingia kumtazama.

Ndila, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza, "Na wenyewe waliulizwa?"

Kiema aliyekuwa anapaka mashine grisi alidondosha kopo. Ilhan hakudondosha kitu. Alimgeukia Ndila polepole kama mtu aliyesikia maji chini ya ardhi.

"Mama," akasema, "hebu sema tena."

Maana shida ya Ilhan ilikuwa hii. Msichana wa mchezo anatoka Tendaguru anateremka tena, miaka mingi isiyo na jina, mpaka anamkuta mjusi mwenyewe akiwa hai, jike, anatafuta watoto wake. Sasa mjusi alie vipi? Ilhan alikuwa amejaribu wanaume wa mjini wakanguruma kama simba wa maigizo ya watoto kanisani. Kiema alijaribu akatoa sauti ya tingatinga. Mimi nilijaribu, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, na tusiendelee na hilo. Ilhan akatueleza kwamba hakuna anayejua kwa hakika mijusi wale walilia vipi, koo halibaki mfupa. Lakini wako wanasayansi wanaotazama mamba na mbuni, wakafikiri kwamba huenda wakubwa wengine walivuma hivyo hivyo, kwa chini, midomo ikiwa imefungwa.

Tukatazamana. Nikamwambia Ndila, "Dada, wanakutafuta tangu dunia ianze."

Hakucheka. Alisema amekatazwa. Ilhan akauliza amekatazwa na nani, wapi. Nikajibu mimi, maana Ndila angelizungusha kwa ajili ya amani. Nikasema amekatazwa kuunguruma karibu na boma la Muthama. Kuunguruma redioni hakukatazwa na mtu, wazee hawakulifikiria, walikuwa na haraka ya chai.

Walirekodi ndani ya stoo ya Kiema, magunia yamepangwa kuta zote ili mwangwi usiingie. Mimi nilikaa nje nikilinda kuku wasiingie kuigiza. Nilisikia kimya. Kisha nikaisikia kwa miguu. Ilikuwa ile ile, lakini imezeeka, imekaa gizani na kukasirika. Vifaranga walijilaza chini. Kiema anaapa kwamba unga uliokuwa umeshikamana na ukuta tangu baba yake ulidondoka wote. Ilhan alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na Ndila nyuma yake ananyoosha leso kana kwamba alikuwa anapepeta.

Mchezo ukaanza kwenda hewani, Alhamisi jioni. Watu walisikiliza. Jumapili, Muthama akasimama kanisani kuonya kundi dhidi ya redio zinazosema mijusi walikuwapo kabla ya Adamu. Akasema vilevile Mkristo aachane na hekaya za usiku na imani za mababu, hizo ni giza. Alisema hivyo, mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimekaa mbele na nilikumbuka kila neno, kwa sababu nikichukia mtu masikio yangu yanakuwa ya msichana.

Sasa, marudio ya mchezo yaliwekwa siku ya soko, saa saba mchana.

Kiema alikuwa amenunua spika kubwa ya kuita wateja. Saa saba akaifungulia redio, watu wamejaa na magunia yao. Ndila hakuwapo, alikuwa shambani kwake akipalilia kunde, na mashahidi wa hilo ni nusu ya kijiji waliompita njiani. Chini mtoni Muthama alikuwa ananywesha mbuzi. Mchezo ukafika pale mjusi anapowaita watoto wake.

Mmmm.

Yule jike mweusi, siye yule wa kwanza, mjukuu wake, mwenye doa la maziwa kwenye goti, aliinua kichwa kisimani. Maji yanamchuruzika ndevuni. Akatazama juu ya ukingo. Kisha akaondoka, na nyuma yake wengine, wazee kwanza, halafu watoto wao, halafu hata vitoto ambavyo havikuwahi kumwona Ndila lakini vilijua mama anakwenda wapi. Walipanda ule ukingo kama moshi. Waliizunguka posho mili, wakapanda magunia, mmoja akapanda juu ya meza ya Kiema akaweka kwato mbili kwenye spika na kuinusa. Msichana wa mchezo alikuwa anasema, kwa sauti ya kuogopa, kwamba kumbe mjusi huyu si mkali, ni mama tu. Na mbuzi wamesimama wanasikiliza.

Muthama alikuja na fimbo, koti limejaa mchanga. Aliwapiga. Walitawanyika, na alipowatafuta alasiri aliwakuta wote ndani ya boma la zamani la Ndila, lile lililobomoka, wamelala wanacheua.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Angewarudisha kwake, akafunga lango, na sisi tungesema tu ni vituko vya mbuzi. Lakini mwizi akikaa na mali muda mrefu husahau kwamba ni mwizi. Muthama aliona ni yeye aliyeonewa. Alikwenda kwa chifu msaidizi, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kumshtaki Ndila.

Mashtaka yake ni haya. Kila Mkamba anajua hadithi hazisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana mifugo hupotea. Bibi wa marehemu Kaloki amesimulia mchana, tena kwa spika, kwa hivyo amepoteza mbuzi wa watu kwa makusudi, na alipe.

Chifu msaidizi wetu ni mama, mtu wa mji wa Wote huko Makueni, hajakaa sana hapa na hana shangazi wa kumnong'onezea. Alisema kesi itasikilizwa mtoni, mbuzi wakiwepo. Tulikwenda wote. Hata waliokuwa wagonjwa nyumbani walipata nafuu ya kutosha siku hiyo. Ilhan alikuja kutoka mjini. Nilimkataza kurekodi, nikamwambia mambo mengine mtu ayabebe mwenyewe kichwani.

Muthama alieleza vizuri, na alipofika kwenye habari ya hadithi za mchana nilikohoa. Nilimuuliza kama hizo si zile imani za giza za Jumapili. Chifu msaidizi akaniambia ninyamaze, akaniita susu, yaani nyanya, lakini alichelewa kidogo kuniambia. Kisha akamgeukia Muthama.

"Siku hiyo mbuzi wako wote walikwenda?"

"Wengi."

"Wepi hawakwenda?"

Muthama akawaonyesha, wale wekundu wenye pembe fupi. "Hawa nilinunua Zombe. Hawa walibaki wakinywa maji."

"Kwa nini uchawi haukuwashika hawa?"

Naye akajibu, mbele yetu sote, kwa sauti yake nyembamba ya kuelimisha watu, "Hawa hawamjui."

Neno hilo lilisikika likitembea kutoka mtu mpaka mtu. Kiema ndiye aliyeanza kucheka, akajifanya anapiga chafya. Muthama alitazama huku na huku, na nikaona neno lake mwenyewe likimrudia usoni.

Akajaribu kulizima. Akasema mbuzi ni wajinga, watamfuata yeyote. Chifu msaidizi akasema basi tuone. Mbuzi wakae katikati ya mchanga, Muthama ukingo ule, Ndila ukingo huu, kila mtu aite.

Muthama aliita kwanza. Alipiga ulimi, akaita majina ambayo nadhani alikuwa anayabuni pale pale. Wekundu wa Zombe walikwenda kwake bila haraka. Wengine walisimama.

Ikawa zamu ya Ndila. Alisimama ukingoni, leso imefungwa kiunoni. Tukangoja kusikia kwa miguu. Badala yake Ndila akafungua mdomo.

Alifungua mdomo wote, kwa mara ya kwanza tangu jiko la mama mkwe, na sauti ilitoka kama lori linalomwaga mawe.

"Muthama. Ulikunywa chai yangu. Kikombe ulichonywea bado kiko, sijakiosha moyoni. Nilibeba maganda ya mgunga na kichwa hiki wakati wewe ulikuwa umelala, na ukaniita mwizi mbele ya watu wenye rungu. Na ninyi wazee wa amani, mliokaa hapo, amani yenu nimeila mimi peke yangu. Mmewahi kuionja? Ni chungu. Nyinyi mlipewa tu chai."

Mbuzi waliogopa. Hawakuijua sauti hiyo, ilikuwa haijawahi kuwaita. Waliruka nyuma, wakaelekea upande wa Muthama, yule mweusi mwenye doa mbele yao, na Muthama akaanza kutabasamu. Nilimwambia Ndila kwa chini, dada, funga mdomo, kwa jina la Mungu, leo tu funga. Alimaliza. Alisema kila kitu, mpaka habari ya koti. Alipoona hakuna kilichobaki kifuani, akapumua, akabana midomo.

Mmmm.

Mchanga ulitetemeka, mimi naapa, maji kwenye kisima yalifanya mikunjo. Mweusi mwenye doa alisimama kwato moja hewani. Akageuka. Walivuka mto wote pamoja, wakimpita Muthama kama anavyopitwa mwamba, na tabasamu lake akabaki nalo bila mahali pa kulipeleka. Walimzunguka Ndila mpaka hakuonekana ila kichwa.

Hakuacha kuita. Wote walikuwa wamefika na bado anaita, anatazama ng'ambo. Chifu msaidizi akauliza kuna nini tena. Ndila akasema kuna mmoja hajaja, wa kijivu, dada wa huyu mweusi.

Muthama alitazama viatu vyake. "Huyo tulimchinja alipokuja yule mgeni wa kanisa."

"Ngozi iko wapi?"

"Shemeji."

"Ngozi."

"Naikalia nyumbani."

"Nenda ulete."

Akaenda. Mzee wa kanisa alivuka mto mkavu na kurudi na ngozi ya mbuzi begani, mahali ambapo siku ile alibeba kamba, na akaikabidhi mikononi mwa mwenyewe, kijiji kizima kikimtazama. Chifu msaidizi aliandika uamuzi wake na wazee wa ukoo wakasema wamefurahi sana amani imepatikana. Mmoja wao aliniomba chai. Nilimwambia akaombe mtoni.

Tulipokuwa tunarudi, Ndila alimuuliza Ilhan kama yule mjusi wa Tendaguru naye amerudi. Ilhan akasema hapana, yuko Berlin bado, watu wanaongea habari hiyo lakini yuko. Ndila alikunja ile ngozi chini ya kwapa, akatembea kidogo, akasema hao wa Berlin nao wana alama yao ya sikio, basi.

Ilibaki sehemu ya mwisho ya mchezo. Ilhan alikuja wiki iliyofuata na karatasi zake. Katika sehemu hiyo anga linawaka, jiwe linaanguka kutoka juu, vumbi linafunika jua, na mijusi wakubwa wanaisha duniani. Ndivyo ilivyokuwa, alisema, ingawa mchezo umefupisha miaka mingi hapo katikati, wanasayansi wamelisoma jambo hilo kwenye mawe. Mjusi jike alitakiwa avume mara ya mwisho, kwa unyonge, sauti ipungue, afe.

Ndila alikuwa amekaa mlangoni pa stoo, ameupa mgongo ule ukuta wa zamani, mbuzi wake wanakula maganda miguuni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

"Mama, kwa nini?"

"Siwezi kufa redioni Muthama akisikia."

Ilhan alimweleza habari ya mawe, na vumbi, na vitabu. Alimbembeleza. Mimi pia nilimbembeleza, uongo wangu ukamsaidia Ilhan kidogo na ukweli wangu ukamsaidia Ndila. Haikufaa kitu. Basi ukiusikiliza mchezo ule siku ya mwisho, utasikia jiwe linaanguka, utasikia moto, utasikia msichana anavalisha mkanda ili posho mili imrudishe nyumbani. Na nyuma ya vumbi utasikia mjusi jike anaondoka na watoto wake, anavuma, midomo imefungwa, na sauti haipungui hata kidogo, mpaka redio yenyewe inapolazimika kuweka matangazo.